Anayechagua Chombo Hasafiri Peke Yake

Ukikaa na watu wa kompyuta muda mrefu utagundua kwamba wana ligi yao. Kama mashabiki wa Simba na Yanga, kila mmoja ana upande: huyu ni Make, yule ni CMake, mwingine Gradle, mwingine Bazel. Wakimaliza hapo wanahamia kwenye mahali pa kuandikia: Vim au Emacs, au hizi karakana kubwa za kisasa ambazo ukizifungua tu feni ya laptopu inaanza kulia. Msomaji wa fasihi akipita karibu atadhani ni mafundi wanagombania nyundo, ataendelea na safari yake.

Leo namwomba asimame kidogo. Mchana naandika programu, usiku nasoma riwaya kama ninyi, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ugomvi ule, ukiuondolea kelele zake, ni swali la maadili: nina haki gani ya kuwachagulia watu ambao hawapo?

Nianze na kitu chenyewe. Programu huandikwa kama maandishi, na maandishi hayo tunayaita msimbo. Kwa lugha nyingi, kompyuta haiwezi kuyatekeleza yalivyo. Lazima kompaila iyageuze kwanza yawe lugha ya mashine. Ukiwa na faili moja, hiyo ni kazi ya sekunde. Ukiwa na faili elfu thelathini, nyingine zikitegemea nyingine, na zote zikitegemea maktaba zilizoandikwa na watu usiowajua, unahitaji kitu cha kukukumbushia ipi inategemea ipi, ipi imebadilika tangu jana na ipi itangulie. Hicho ndicho mfumo wa kujenga. Karakana nayo ni mazingira anamofanyia kazi mwanaprogramu: kihariri chake, vifaa vya kutafutia makosa, matoleo ya kompaila na maktaba yaliyomo kwenye mashine yake. Ukishavichagua hivi viwili katika mradi mkubwa, kuvibadilisha ni kazi ya miaka. Wanaokuja baadaye wanavikuta kama mtoto anavyoikuta lugha ya nyumbani kwao.

Mfano wa lugha sikuuleta bure. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanzishwa mwaka 1930 ikaiendeleza kazi hiyo. Waliochagua walikuwa na mradi mkubwa mkononi: vitabu vya shule kwa nchi kadhaa, na hitaji la tahajia moja. Hoja zao zinaeleweka. Lakini Kimvita na Kiamu, zenye ushairi wa karne nyingi, zikajikuta pembeni, na watoto wa huko wakaanza kusahihishwa darasani maneno waliyofundishwa na bibi zao. Sisemi uchaguzi ulikuwa mbaya. Makala hii yenyewe naiandika kwa tunda lake. Nasema tu kwamba uamuzi ulioonekana wa kiufundi ulikuwa pia uamuzi wa nani ataingia mlangoni wima na nani atainama.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Mwaka 1976, katika maabara za Bell nchini Marekani, Stuart Feldman aliandika Make, babu wa mifumo ya kujenga. Chanzo chake ni kisa cha kuchekesha. Mwenzake, Steve Johnson, alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo tayari alikuwa ameirekebisha. Kosa lilishaondoka kwenye msimbo, ila faili iliyorekebishwa haikuwa imepitishwa tena kwenye kompaila, kwa hiyo alichokuwa akikijaribu ni kitu cha zamani. Feldman akaunda chombo cha kukumbuka kwa niaba ya binadamu.

Katika chombo hicho, mstari wa amri lazima uanze na kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, hata nane, hata zikapangika zikaonekana sawasawa, inagoma. Jicho halioni tofauti, mashine inaiona. Kwa Kiswahili jina la kitufe hicho linasomeka "tabu", na jamani, ni tabu kweli. Feldman aligundua mapema kwamba sharti hilo ni baya. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakati huo Make ilikuwa na watumiaji kama dazeni moja hivi, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwavurugia kazi waliyokwisha kuifanya. Akaliacha. Make ikaenea dunia nzima, kiini cha Linux kinajengwa nayo mpaka leo, na kila kizazi cha wanafunzi kinajikwaa palepale.

Kwangu hii ni moja ya hadithi nzuri za maadili katika fani yetu, kwa sababu haina mtu mbaya. Feldman alifanya uungwana. Watu dazeni aliokuwa nao walikuwa na majina na sura, alikula nao chakula cha mchana. Mamilioni waliokuja baadaye hawakuwa hata na kivuli. Mimi siwezi kumlaumu. Lakini kisa chake kinaonyesha udhaifu wa wema wetu wa kila siku: unaishia pale macho yanapoishia.

Basi mtu atasema dawa ni kuwafikiria mamilioni wa kesho. Huko nako kuna shimo. Bazel, ambayo Google waliitoa hadharani mwaka 2015, ilizaliwa katika nyumba yenye maelfu ya wahandisi wanaochangia ghala moja la msimbo lenye mistari zaidi ya bilioni moja. Kwao ina maana kabisa. Lakini nimeona timu ya watu watano ikiibeba kwa hoja kwamba siku moja watakuwa wakubwa. Wiki za mwanzo za mradi ziliishia kuihudumia, wakati mteja wa kwanza bado hajapatikana. Ni kama kujenga kituo kikuu cha mabasi katika kijiji chenye bodaboda mbili. Wageni wa kufikirika wanapewa heshima ambayo wenyeji wa kweli hawajaipata.

Na wenyeji nao wana haki yao. Evan Martin alipokuwa akifanya kazi kwenye kivinjari cha Chromium, mradi wenye faili zaidi ya elfu thelathini, mifumo iliyokuwapo ilichukua kama sekunde kumi kabla hata ya kuanza kujenga, ingawa umebadilisha faili moja tu. Akaandika Ninja, inayoanza chini ya sekunde moja. Utasema sekunde kumi ni nini? Anayeandika anajua. Uko katikati ya sentensi, wazo liko kwenye ncha ya vidole, halafu kila ukiweka nukta unalazimishwa kusubiri. Mara ya tatu umeshachukua simu, wazo limekwenda. Kumheshimu mtu ni pamoja na kuheshimu umakini wake, na chombo cha polepole kinaiba umakini kila siku bila mtu kuuona wizi wenyewe.

Tunao basi marafiki wa leo upande mmoja na mamilioni wa kufikirika upande mwingine. Wote wana madai. Kipimo changu nimekipata kwa mtu wa tatu, ambaye husahaulika kwa urahisi: mgeni wa kesho asubuhi. Mmoja tu. Anakuja na mashine dhaifu, hamjui mtu, na hana wa kumuuliza.

Nilimwona mgeni huyo katika kampuni moja niliyowahi kufanya kazi. Alikuwa dada aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, laptopu yake ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, intaneti yake ni bando la kununua mwenyewe. Mradi wetu ulikuwa unajengwa kwa kubonyeza kitufe kimoja ndani ya karakana mojawapo kubwa. Kitufe hicho kilitegemea mipangilio iliyojikusanya kwa miaka kwenye mashine ya mkubwa wetu wa kazi, na hakuna aliyewahi kuiandika popote. Siku ya kwanza karakana ikala bando lote kwa kupakua maktaba. Siku ya pili laptopu ikaganda. Siku ya tatu akamfuata mkubwa.

"Samahani kaka, bado inakataa."

"Mbona kwangu inakubali, mdogo wangu?"

Kaka yule hakuwa mkatili. Alikuwa na kazi nyingi, na alichosema kilikuwa kweli tupu. Ndiyo maana sentensi hiyo ni ya hatari. Kila mwanaprogramu ameisikia, kwa lugha yoyote anayofanyia kazi. Inachukua ukweli kuhusu mashine na kuugeuza hukumu juu ya mtu: kama kwangu inakubali na kwako inakataa, basi tatizo ni wewe. Dada yule alianza kuamini hana kipaji, wakati hajapata hata nafasi ya kuandika mstari mmoja. Alikuwa bado yupo nje, anagonga.

Alichofanya ndicho kilichonifunza. Alizunguka meza kwa meza na daftari, akauliza kila mtu alifanyaje siku yake ya kwanza, akaandika. Zikafika hatua 23. Mojawapo ilikuwa toleo la kompaila lililokuwa kwenye flashi ya mtu. Nyingine ilikuwa folda ambayo lazima iwe na jina fulani, la sivyo kila kitu kinakwama. Daftari lile likaja kuwa maelezo ya kwanza ya mradi, na baadaye likageuzwa amri moja ya kuandika. Katika shughuli hiyo wakongwe wawili waligundua kwamba hata wao, wakipewa mashine mpya, wasingeweza kuujenga mradi wao wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii tumezoea kuisema kwa upole wa ukarimu, kumbe ni kauli ya kitabibu. Wenyeji walikuwa wagonjwa na hawakujua.

Kisa cha aina hiyo kimetokea kwa kipimo kikubwa zaidi, katika programu ambayo huenda baadhi yenu mnaandikia hadithi zenu. LibreOffice ilianza kama StarOffice, kazi ya kampuni ya Kijerumani ya Star Division. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka 2000 msimbo ukafunguliwa kwa jina la OpenOffice.org. Kisheria, mtu yeyote duniani akawa huru kuuchukua na kuujenga. Watu wetu nao hawakubaki nyuma: mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili. Lakini ruhusa ya kuingia ni kitu kimoja na uwezo wa kuingia ni kingine. Mradi ulikuwa unajengwa kwa dmake, chombo ambacho nje ya hapo wachache walikijua, kikiwa kimezungukwa na programu ndogondogo za Perl. Maelezo mengi waliyojiandikia wanaprogramu ndani ya msimbo yalikuwa kwa Kijerumani. Mlango ulikuwa wazi, ila kizingiti kilifika kiunoni.

Septemba 2010 sehemu ya jumuiya ilijitenga na kuanzisha LibreOffice. Miongoni mwa kazi zao za miaka ya mwanzo zilikuwamo hizi mbili: kuuhamisha mfumo wote wa kujenga kwenda GNU Make, kazi iliyokamilika kufikia mwaka 2013, na kutafsiri maelezo ya Kijerumani kwenda Kiingereza, mstari baada ya mstari, kwa kujitolea. Fikirieni jambo hilo kama wasomaji. Watu wanakaa usiku wakitafsiri maelezo ya pembeni ya kitabu ambacho wengine ndio watakaokiendeleza. Mtumiaji hakuona chochote. Herufi zake zilikuwa zilezile. Saa hizo zingeweza kutumika kuongeza mapambo ya kutangazwa kwenye matoleo mapya. Walizitoa kwa watu ambao walikuwa hawajabisha hodi.

Na angalieni walichagua nini. GNU Make, ukoo wa kile chombo cha mwaka 1976, pamoja na tabu yake yote. Vilikuwepo vyombo vipya zaidi na vizuri zaidi kwa sura. Lakini Make ni kitu ambacho mgeni ana uwezekano mkubwa wa kuja nacho tayari kichwani. Chombo chenye kasoro ambacho wengi wanakijua kinaweza kuwa cha ukarimu kuliko chombo kizuri anachokielewa aliyekichagua peke yake. Hapo hata Feldman anapata utetezi kidogo.

Kuna kizingiti kingine, cha masharti. Mwaka 2002 Linus Torvalds alichagua kuutunza msimbo wa Linux kwa BitKeeper, mali ya kampuni binafsi, iliyotolewa bure kwa masharti, mojawapo likiwa kutoshiriki kutengeneza chombo cha kushindana nayo. Hoja yake ilikuwa rahisi: ndicho bora kilichopo. Wengine walilalamika kwamba mradi huru hauwezi kukaa juu ya kiti cha kuazima. Mwaka 2005, baada ya mvutano, mwenye kiti akakichukua. Torvalds aliandika Git ndani ya majuma machache, na leo dunia inaitumia, kwa hiyo watu husimulia kisa hiki kwa furaha. Mimi huwafikiria waliolalamika. Swali lao halikuwa kama chombo ni kizuri. Waliuliza kama tutaweza kuondoka siku tutakayotaka, na siku mwenye mali atakapotaka. Si kila mradi una Torvalds wa kuuokoa kwa majuma machache.

Utaniuliza: na mgeni mwenye nia mbaya je? Hoja nzito, na haina jibu la haraka. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mtengenezaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba maktaba ya xz, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, imetiwa mlango wa siri. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa njia ya mbali kulichelewa kwa takribani nusu sekunde. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitolea kwa zaidi ya miaka miwili kumsaidia mtunzaji aliyechoka, mpaka akaaminiwa. Alikuwa mgeni, na alikaribishwa.

Lakini tazama alijificha wapi. Sumu haikuwa kwenye msimbo unaosomwa. Ilikuwa ndani ya faili za majaribio zisizosomeka kwa macho, na ufunguo wa kuiamsha ulikuwa kwenye maagizo ya kujengea, katika kifurushi cha kutolea ambacho hakikufanana na ghala la hadharani. Maagizo ya aina hiyo yameandikwa kwa namna ambayo hata wataalamu huyapita bila kuyasoma. Aliingia kwa ukarimu, akaweza kukaa kwa sababu ya giza. Hatari hii ilijulikana zamani: katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1984, Ken Thompson alionyesha kwamba kompaila yenyewe inaweza kufundishwa kuingiza mlango wa siri, na kuurithisha kwa kompaila inayofuata, huku msimbo ukiwa safi kabisa. Tangu mwaka 2013 watu wa Debian wamekuwa wakifanyia kazi sehemu moja ya jibu: ujenzi unaorudiwa, yaani mimi na wewe tukijenga msimbo uleule kwenye mashine mbili, tupate matokeo yanayolingana kila biti. Hapo mtu yeyote anaweza kukagua kama kilichotolewa ndicho kilichoandikwa.

Kwa hiyo kile kinachomsaidia mgeni mwema ndicho kinachomuumbua mgeni mbaya: njia inayosomeka, iliyoandikwa, inayorudiwa na yeyote. Dada mwenye daftari na Freund na nusu sekunde yake ni mashahidi wa jambo moja. Kila hatua ambayo ni lazima "uulize watu" ni mahali ambapo mgeni anakwama na mwizi anajificha.

Nikipewa leo nafasi ya kuchagua, karakana namwachia kila mtu. Mwenye Vim abaki na Vim, mwenye karakana kubwa aipashe moto laptopu yake, ili mradi mradi hauhitaji yoyote kati ya hizo ili ujengeke. Mfumo wa kujenga ndio njia ya wote, na huo nauuliza maswali matatu. Mgeni wa kesho, kwa mashine yake na bando lake, atafika bila kumuuliza mtu? Akifika, ataweza kusoma kilichotokea? Akitaka kuondoka na kazi yake, kuna atakayemzuia? Kasi naiuliza baada ya hapo, ila naiuliza kweli, kwa sababu waliopo nao ni watu.

Wahenga walishatuonya kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama, na ni kweli lazima mtu mmoja achague. Sina ugomvi na nahodha. Ninachomdai ni kwamba, akishachagua, aiache ramani sitahani, kwa maandishi, mahali ambapo hata aliyepanda bandari ya mwisho anaweza kuisoma.